Kila VPN Ina Mwenyewe

Kila mtandao unapobanwa, ujumbe unaonifikia ni ule ule: "Kaka, nipe VPN nzuri ya bure." Ulinijia Oktoba 2020, Tanzania ilipokuwa inaelekea kupiga kura na WhatsApp ikagoma. Ukanijia tena Mei 2025, X ilipofungiwa nchini. Mwulizaji hataki somo. Anataka jina la programu, na analitaka sasa hivi. Nami huwa namrudishia swali ambalo najua halimfurahishi: unamkwepa nani? Asiponijibu hilo, jina lolote nitakalompa litakuwa la kubahatisha.

Msimamo wangu ni huu. VPN haikuondolei mtu anayekutazama, inakubadilishia tu wa zamani kwa mpya. Kwa hiyo kuchagua kati ya VPN ya bure, ya kulipia na ya kujisimikia mwenyewe hakuhusu sana kasi wala wingi wa nchi zinazotajwa kwenye tangazo. Kunahusu kumjua mwenyewe: nani anamiliki seva unayopitia, anakula wapi, na akibanwa na dola ana nini cha kutoa. Nikipima hivyo, nyingi za bure zilizojaa kwenye duka la programu ni heri mtu azikose kabisa. Za kulipia zinawafaa watu wengi, ila si kwa sababu wanazotajiwa. Na ile ya kujisimikia, ambayo mafundi wenzangu huisifia kama dawa ya kila ugonjwa, naiona ni chombo kizuri sana cha kazi na kibovu cha kujifichia. Hapo najua nitagombana na watu.

Tuangalie kwanza kinachotokea. Simu isiyo na VPN hupitisha kila kitu kwa kampuni ya simu. Wengi hudhani kampuni hiyo inasoma kila wanachoandika. Haisomi. Tovuti karibu zote zinazotumika leo hutumia HTTPS, yaani maandishi, picha na nywila husimbwa tangu kwenye simu yako hadi kwenye seva ya tovuti yenyewe. Kinachobaki wazi ni taarifa za safari: jina la tovuti simu inapoiulizia anwani yake kwenye DNS, jina hilo hilo linapotajwa tena kwenye salamu ya kwanza ya muunganisho, anwani ya IP ya unakokwenda, saa, na kiasi cha data. Kampuni ya simu inaweza kujua kwamba saa tano usiku ulikuwa kwenye tovuti ya kliniki fulani kwa dakika ishirini, lakini haijui ulifungua ukurasa gani. Na kwa kuwa laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole, inakujua kwa majina yako matatu.

Ukiwasha VPN, simu inachukua kila pakiti ya data, inaisimba na kuitia ndani ya pakiti nyingine yenye anwani moja tu, ya seva ya VPN. Kampuni ya simu inabaki kuona data inayokwenda, tuseme, Johannesburg, bila kujua inaishia wapi. Seva ikiipokea inaifungua, inatoa pakiti ya asili na kuipeleka inakotakiwa kwa anwani yake yenyewe. Hapo inapofungua ndipo ulipo mzizi wa jambo zima. Yote ambayo kampuni ya simu ilikuwa ikiyaona, sasa anayaona mwenye seva: tovuti, saa, kiasi. Tofauti ni kwamba kampuni ya simu ina leseni, ina ofisi unayoweza kwenda kulalamika, na kwa Tanzania inabanwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mwenye VPN ya bure mara nyingi ana anwani ya barua pepe, basi.

Android yenyewe hukuonya. Mara ya kwanza unapowasha programu ya VPN, kabla ya ile alama ya ufunguo kutokea juu ya kioo, mfumo unakufungulia kisanduku kidogo kinachosema programu hii inataka kuweka muunganisho utakaoiwezesha kufuatilia mawasiliano ya simu yako, na kwamba ukubali tu kama unamwamini aliyeitengeneza. Sijakutana na mtu anayekisoma. Tunabonyeza "Sawa" tukiwa tumeshaanza kufikiria video.

Sasa fikiria gharama. Seva hukodishwa kwa mwezi, na data inayopita ndani yake hulipiwa. Programu yenye watumiaji milioni kumi wanaotazama video ina bili kubwa kila mwezi, na lazima mtu ailipe. Kama halipi mtumiaji, analipa anayemtaka mtumiaji. Hili halihitaji kubuniwa, limeshaonekana mara nyingi. Mwaka 2015 ilijulikana kwamba Hola, iliyokuwa na mamilioni ya watumiaji wa bure, iligeuza vifaa vyao kuwa njia za kutokea: wateja wanaolipa, kupitia huduma yake dada iliyoitwa Luminati, walitumia intaneti kwa anwani za watu wasiojua lolote. Mwaka 2013 Facebook ilinunua kampuni ya Onavo, iliyokuwa na VPN ya bure iliyonadiwa kama kinga ya mtumiaji. Takwimu zilizokusanywa humo ziliwaonyesha wakubwa wa Facebook ni programu zipi za washindani zinazokua kwa kasi. Apple iliishinikiza Facebook kuiondoa Onavo kwenye duka lake mwaka 2018, na mwaka 2023 mahakama ya Australia ikaamuru kampuni mbili tanzu zilizohusika zilipe dola milioni 20 za nchi hiyo kwa kuwapotosha watumiaji. Zingatia kwamba huyu hakuwa tapeli wa uchochoroni. Alikuwa kampuni kubwa yenye wanasheria.

Wa uchochoroni nao wapo. Mwezi Mei 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kuuvunja mtandao uliojulikana kama 911 S5, uliokuwa umenasa zaidi ya anwani za IP milioni 19 duniani. Chambo chake kilikuwa programu za VPN za bure, zikiwamo MaskVPN na DewVPN. Mtu alisakinisha VPN ili ajifiche, kompyuta yake ikawa barakoa ya mhalifu. Wizi ukifanyika, anwani inayoonekana kwenye kumbukumbu za polisi ni ya kwake. Kabla ya hapo, Julai 2020, hifadhidata ya UFO VPN yenye ukubwa wa gigabaiti 894 ilikutwa wazi mtandaoni, ndani yake mna nywila na anwani za IP za watumiaji, wakati kampuni hiyo ilikuwa ikiahidi kwamba haiweki kumbukumbu zozote. Na kama mtu atasema hiyo ni mifano michache ya kuchagua, watafiti wa CSIRO ya Australia na wenzao wa vyuo vikuu walizipima programu 283 za VPN za Android mwaka 2016: asilimia 75 zilikuwa na vifuatiliaji vya kampuni za nje, asilimia 38 zilionyesha dalili za programu hasidi, na asilimia 18 hazikusimba chochote. Hizo za mwisho zilikuwa VPN kwa jina tu.

Kuna aina nyingine ya bure ambayo haitajwi kwenye vitabu lakini imejaa kwenye vikundi vyetu vya Telegram. Ni yale mafaili ya mipangilio yanayouzwa kwa shilingi elfu moja au mbili, yakiahidi intaneti bila bando kwa wiki au mwezi. Yanavyofanya kazi si uchawi. Kampuni ya simu huacha baadhi ya tovuti zifunguke hata kama huna salio, na faili hilo huifanya data yako ijifanye inakwenda kwenye tovuti hizo. Lakini data haitokei hewani huko upande wa pili, inapita kwenye seva aliyokodi kijana aliyekuuzia faili. Huyo humjui, hajakuahidi lolote, na kesho akiiuza seva au ikidukuliwa hatakupigia simu. Wizi wa data ya kampuni nauacha, wenyewe wana wanasheria wao. Ninachoshangaa ni mtu anayekataa kumpa mwenzake simu dakika mbili, lakini anampitishia mgeni kila anachokifanya mtandaoni.

Wahenga walisema rahisi ghali, na hapa ingekuwa rahisi kuwaunga mkono na kufunga mjadala. Lakini si kila cha bure ni mtego. Proton ya Uswisi, kwa mfano, hutoa VPN ya bure isiyo na kikomo cha data, kwa sababu wateja wanaolipa ndio wanaobeba gharama, na kampuni inatumaini kwamba baadhi ya hao wa bure watahamia huko. Hapo unajua pesa inatoka wapi. Psiphon, iliyozaliwa kwenye maabara ya Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto, ilitengenezwa mahususi kupenya vizuizi. Tor nayo ni ya bure na inaendeshwa na watu wa kujitolea, ila muundo wake ni tofauti kabisa: data hupitia vituo vitatu, na hakuna kituo kimoja kinachojua wewe ni nani na unakwenda wapi kwa pamoja. Ndiyo maana ni ya polepole, na ndiyo maana kwa anayehofia usalama wake naitaja kabla ya VPN yoyote. Kipimo changu cha VPN ya bure kwa hiyo ni kimoja: je, unaweza kueleza kwa sentensi moja nani anailipia? Ukishindwa, iache.

Nije kwenye za kulipia. Hoja yake kubwa ni ndogo kuliko inavyotangazwa: ukilipa, mwenyewe ana njia halali ya kula, hivyo halazimiki kukuuza. Halazimiki, sikusema hawezi. IPVanish ilikuwa ikitangaza kwamba haihifadhi kumbukumbu, lakini mwaka 2016 ikawapa wachunguzi wa Marekani taarifa za mteja wake. PureVPN nayo ilitoa kumbukumbu zilizosaidia FBI kumkamata mtu mwaka 2017. Sitetei waliokamatwa, makosa yao yalikuwa mazito. Ninachosema ni kwamba neno "hatuhifadhi kumbukumbu" ni la idara ya mauzo mpaka mtu mwenye hati ya upekuzi aje kuligusa. Aprili 2023 polisi wa Sweden walifika na hati kwenye ofisi ya Mullvad mjini Gothenburg wakitaka kuchukua kompyuta zenye taarifa za wateja, wakaondoka mikono mitupu kwa sababu hazikuwepo. Mamlaka za Uturuki zilipochukua seva iliyotumiwa na ExpressVPN zikichunguza mauaji ya balozi wa Urusi, Andrei Karlov, aliyeuawa Desemba 2016, hazikupata kitu. Ushahidi wa namna hiyo naupa uzito kuliko nyota tano za mhakiki.

Na mhakiki mwenyewe ni nani? Hapa biashara hii inachekesha. Kampuni ya Kape Technologies, ambayo zamani iliitwa Crossrider na ilihusishwa na programu za kupachika matangazo kwenye kompyuta za watu, ilinunua CyberGhost mwaka 2017, Private Internet Access mwaka 2019, kisha ExpressVPN mwaka 2021 kwa dola milioni 936. Mwaka huo huo wa 2021 ilinunua pia kampuni inayomiliki tovuti mashuhuri za kulinganisha VPN, ikiwamo vpnMentor. Nord na Surfshark ziliungana mwaka 2022. Msomaji anayefungua makala ya "VPN kumi bora" akidhani analinganisha washindani kumi, anaweza kuwa anatazama mabango ya wenyewe watatu au wanne, tena ukutani kwa mmoja wao. Tovuti nyingi kati ya zilizobaki hulipwa kamisheni kwa kila mteja anayebonyeza kiungo. Kwa hiyo zile orodha mimi sizisomi kabisa.

Bei zao nazo zina ujanja. Zile dola mbili kwa mwezi unazoziona kwa herufi kubwa ni kama utalipa miaka miwili kwa mkupuo, na zikiisha, bei ya kuendelea ni nyingine. Ofa za "lipa mara moja, tumia maisha" ni mbaya zaidi, maana bili ya seva inakuja kila mwezi na maisha ya kampuni ni mafupi kuliko yako. Mwaka 2025 wateja wa maisha wa VPNSecure walielezwa na mmiliki mpya kwamba usajili wao umefutwa. Lipa kwa mwezi. Mullvad imetoza euro 5 kwa mwezi tangu 2009 bila ofa, bila punguzo la Krismasi, na inapokea hata noti ndani ya bahasha. Kwa asiye na kadi ya benki, kadi za mtandaoni zinazotolewa kupitia pesa za simu kwa kawaida zinatosha, ila ujue kwamba zimeandikwa jina lako.

Kuhusu orodha ya nchi: tangazo likisema kuna seva Tanzania au Kenya, usiamini, pima. Mwanga ndani ya nyaya za fiba husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja. Dar es Salaam hadi Nairobi ni kama kilomita 670 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi hakupaswi kuzidi makumi machache ya milisekunde, hata ukihesabu mizunguko ya njia. Ukijiunga na "seva ya Nairobi" ukiwa Dar na jibu likaja baada ya milisekunde 170, kuna uwezekano mkubwa seva hiyo iko mbali, labda Ulaya, na imevalishwa anwani ya Kenya. Wenyewe huita hiyo "seva pepe", na baadhi hukiri kwa maandishi madogo. Athari zake ni mbili: kasi inaporomoka, na sheria inayoigusa mashine yenyewe ni ya nchi usiyoichagua.

Sasa tugombane. Kujisimikia VPN mwenyewe imekuwa kazi nyepesi tangu WireGuard, programu huria ya VPN, iingizwe ndani ya kiini cha Linux, toleo 5.6, Machi 2020. Ni programu fupi ya mistari kama 4,000, inayoweza kukaguliwa na mtu mmoja akaimaliza. Unakodi seva ndogo kwa dola nne hadi sita kwa mwezi, unaisimika kwa nusu saa, unachanganua msimbo wa QR kwa simu, umemaliza. Kisha fundi anajipiga kifua: hii ni yangu, hakuna anayeniona.

Si yake, ameikodi. Mwenye kituo cha data anaona data inayoingia na kutoka kwenye mashine ile, ana jina na kadi ya aliyelipia, na akiletewa amri ya mahakama hana sababu ya kumtetea. Kibaya zaidi ni upweke. Kwenye VPN ya kibiashara, mamia ya watu hutokea kwa anwani moja ya IP kwa wakati mmoja, na tovuti inayowaona haiwezi kusema nani ni nani. Ni kama abiria aliyeshuka kwenye daladala lililojaa kituoni Kariakoo. Kwenye seva yako mwenyewe umekodi bajaji: anayeshuka ni wewe, leo, kesho na mwezi ujao. Anwani yako inakuwa kitambulisho cha kudumu, tena kilicho safi kuliko kile cha kampuni ya simu, ambayo angalau huwachanganya wateja wake wengi nyuma ya anwani moja. Mtu aliyetaka kupotea kwenye umati amejitoa nje ya umati kwa pesa yake.

Isitoshe, WireGuard haijifichi. Pakiti yake ya kwanza ina baiti 148 kila mara, na mwanzo wake haubadiliki, hivyo mtambo wa kuchuja unaitambua bila jasho. Waliotengeneza wanasema wazi kwamba kujificha hakukuwa lengo lao. Halafu kuna utunzaji. Seva mpya ikiwashwa, dakika chache baadaye mashine za watu wasiojulikana zinaanza kujaribu nywila kwenye mlango wa SSH, ule wa kuiongoza seva kutoka mbali, usiku na mchana, na asiyezima kuingia kwa nywila atavuna alichopanda. Na kuna lile kosa ninalolikuta karibu kwenye kila faili la mipangilio ninaloletewa: mtu ameandika AllowedIPs = 0.0.0.0/0 akaishia hapo. Hiyo ni IPv4 tu. Asipoongeza ::/0, na laini yake ikiwa ina IPv6, kifaa kinaweza kupeleka sehemu ya mawasiliano nje ya VPN kimya kimya. Alama ya ufunguo inaonekana juu ya kioo, roho yake imetulia, na baadhi ya safari zake zinapita barabara ya zamani.

Lakini ukiuliza VPN ilibuniwa kwa ajili gani hasa, utakuta hapo ndipo ya kujisimikia inapong'ara. Mhasibu aliye Mwanza anahitaji kufikia mfumo wa mahesabu ulio kwenye seva ya ofisi Dar bila mfumo huo kuanikwa mtandaoni. Duka lina kamera na mwenyewe amesafiri. Mtanzania aliye Muscat anataka kufikia diski ya mafaili aliyoiacha nyumbani. Kwa kazi hizo usinunue VPN ya kibiashara, haitakusaidia hata kidogo. Simika WireGuard. Tahadhari moja: usipange kuiweka nyumbani kwenye ruta ya laini ya simu ukitegemea ifikike kutoka nje, maana kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja na mlango wako haupo. Omba anwani maalumu ya IP kwa mtoa huduma wa fiba, au kodi seva ndogo iwe kiungo. Kwa chumba cha habari au shirika dogo, Outline, iliyotolewa na Jigsaw ya Google mwaka 2018, inamwezesha mtu mmoja kusimika seva na kuwagawia wenzake funguo, na kwa kuwa imejengwa juu ya Shadowsocks, ni ngumu zaidi kutambulika kuliko WireGuard.

Dhana potofu ninazokutana nazo kila wiki zinatokana na kudhani VPN ni kinga ya jumla. Mtu amewasha VPN, amefungua Facebook kwa akaunti yake, anashangaa Facebook inamjua. Ameingia kwa jina lake, afichwe vipi? Mwingine ananiambia anaitumia kwa sababu Wi-Fi ya mgahawani huiba nywila. Hilo lilikuwa kweli zaidi miaka kumi na tano iliyopita, kabla HTTPS haijaenea. Leo utapeli mwingi huja kwa kiungo cha uongo kwenye SMS, na VPN itakufikisha kwenye kiungo hicho salama salimini. Kuna pia wanaotarajia kuokoa bando. VPN huongeza mzigo juu ya kila pakiti, na kibaya zaidi, kifurushi maalumu cha WhatsApp au YouTube hakifanyi kazi ndani yake, maana kampuni ya simu haioni tena kwamba hiyo ni WhatsApp, hivyo inakata kwenye bando la kawaida. Uganda ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii, Julai 2018, waliokimbilia VPN waliikwepa kodi, lakini sehemu ya walichookoa ilirudi kwa kampuni za simu kama data ya ziada.

Dhana iliyowaumiza wengi zaidi ni kwamba VPN hushinda kila kufungwa kwa mtandao. Kufungia tovuti na kuzima intaneti ni vitu viwili. Facebook ilipofungiwa Uganda Januari 2021, waliokuwa na VPN waliendelea kuifungua, kwa sababu njia ilikuwapo na kizuizi kilikuwa kwenye jina. Intaneti yenyewe ilipozimwa nchini humo usiku wa kuamkia uchaguzi wa mwezi huo huo, na ilipozimwa Tanzania kuanzia siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, hakuna VPN iliyosaidia. VPN inasafiri ndani ya intaneti, na siku hizo hapakuwa na cha kusafiria. Waliouza "VPN za kuzimwa" siku zile walikuwa wakiuza upepo.

Sheria siwezi kuiruka. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za Tanzania za 2020 zinakataza kutoa, kumiliki au kusambaza teknolojia inayosaidia kufikia maudhui yaliyokatazwa, na adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitoa tangazo likiwataka watu na kampuni zinazohitaji VPN wajaze fomu, pamoja na anwani ya IP, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Kama fundi nina la kusema: anwani ya IP ya VPN ya kibiashara inaweza kubadilika kila unapounganisha, hivyo kuiandika kwenye fomu ni sawa na kutoiandika. Sharti hilo lina maana kwa seva ya ofisi yenye anwani isiyobadilika, na nashauri kila kampuni inayounganisha matawi yake iandikishe, haina cha kupoteza. Ila mdhibiti angefanya vyema kutenganisha VPN ya kazi na ya mtu binafsi, badala ya kuwaweka benki, hospitali na mwanafunzi kwenye kapu moja. Wenzetu walio Umoja wa Falme za Kiarabu nao wakumbuke kwamba kule kutumia VPN kutenda kosa kunaweza kugharimu faini ya kuanzia dirhamu 500,000.

Basi, kwa anayetaka la kufanya. Chagua kabla ya siku ya kuhitaji, kwa sababu tovuti za VPN nazo huweza kufungiwa. Kama shida yako ni tovuti iliyofungiwa mara moja moja, huduma ya bure ya kampuni inayolipwa na wengine inakutosha, na Psiphon ikae pembeni kama akiba. Kama unaitumia kila siku, lipia kwa mwezi kampuni ambayo imewahi kujaribiwa na polisi au mahakama wakaondoka mikono mitupu. Kama ni ofisi, jisimikie. Kwenye Android ingia kwenye mipangilio ya VPN, washa ile ya kuunganishwa muda wote na ile ya kuzuia muunganisho usiopitia VPN, la sivyo kila mtandao unapokatika kidogo simu itatoka uchi. Jaribu uvujaji kwa kufungua tovuti ya kupima DNS na IPv6 ukiwa umeunganishwa: jina la kampuni yako ya simu likitokea popote kwenye majibu, kuna tundu.

Na zile za bure ulizosakinisha wakati wa uchaguzi, zitoe leo. Kuifuta programu hakutoshi kila mara. Mwaka 2019 ilibainika kwamba Facebook ilikuwa ikiwalipa vijana hadi dola 20 kwa mwezi wasakinishe programu ya utafiti iliyoweka cheti cha usalama ndani ya simu, na cheti cha namna hiyo kinamwezesha mwenye VPN kufungua hata HTTPS. Fungua mipangilio ya usalama, nenda kwenye vyeti vinavyoaminika, kisha kwenye kichupo cha mtumiaji, si cha mfumo. Kama simu si ya ofisi, orodha hiyo inatakiwa iwe tupu.